Wati 200 au wati 25?

Swali: Napiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisa, Mwananyamala. Kariakoo nimeona amplifaya mbili za bei nafuu za mazoezi: moja wati 200 PMPO, nyingine wati 25 RMS. Nichukue ipi?

Jibu: Ya 25, mradi spika yake isipungue inchi 8. PMPO ni namba ya kuvutia wateja. RMS ndiyo nguvu inayodumu. Waya mnene kabisa wa gitaa lako, E, hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo huimeza sauti hiyo. Dukani upige waya huo kwa nguvu, dakika kadhaa, usikilize mkwaruzo wa spika na mtikisiko wa boksi. Tikisa kebo ya gitaa kwenye tundu lake. Sauti ikikatika, iache amplifaya hiyo. Nyuma isomeke volti 220 hadi 240: ya 110 itaungua kwa umeme wetu. Chumbani itakutosha. Kanisani, dramu zitaifunika.