Uongozi Hufunzwa Mlangoni pa Maskini

Injili Takatifu yatusimulia habari za mama mmoja aliyemwendea Bwana wetu Yesu Kristo pamoja na wanawe wawili. Alimsujudia, akaomba neno moja tu: wanawe hao wapewe viti viwili katika ufalme wake, mmoja mkono wa kuume na mwingine mkono wa kushoto. Bwana hakumkemea mama yule. Aliwauliza wanawe kama wangeweza kunywa kikombe chake cha mateso. Kisha akawafundisha mitume wote kwamba atakaye kuwa mkubwa kati yao hana budi kuwa mtumishi wa wenzake.

Wazazi wapenzi, mama yule yungali hai katika nyumba zetu. Tumpelekapo mtoto katika shule ya sekondari, twataka awe wa kwanza darasani. Tena twafurahi sana tukisikia kwamba amechaguliwa kuwa kiranja, au dada mkuu, au mwenyekiti wa chama. Kufurahi hivyo si dhambi. Lakini yafaa tujiulize: mtoto wetu akipewa kiti, ni nani aliyemfundisha kazi ya kiti hicho? Na kazi hiyo hufundishwa wapi?

Leo twataka kuzungumza juu ya vyama vya huduma vya wanafunzi, yaani vyama ambavyo kwavyo vijana hujitolea kuwatembelea wagonjwa, kuwatekea maji wazee, na kuwasaidia wenzao walio dhaifu katika masomo. Vingine ni vya Kanisa, kama umoja wa vijana Wakatoliki wanafunzi ujulikanao kwa herufi TYCS. Vingine ni vya shule yenyewe. Vyote vina baraka moja na hatari moja. Baraka ni kwamba humtoa kijana katika kujipenda nafsi yake. Hatari ni kwamba vyaweza kumfundisha kuyapenda maskini kama ngazi ya kupandia.

1. Mwanafunzi wa miaka 20

Mwaka 1831 kijana mmoja, jina lake Frédéric Ozanam, alikwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kusoma sheria. Mwaka uliofuata ugonjwa wa kipindupindu uliingia katika mji ule, ukaua maelfu ya watu, hasa katika mitaa ya maskini. Siku hizo Ozanam na rafiki zake walikuwa na chama cha mazungumzo, na humo walijadiliana na wanafunzi wasiosadiki. Walieleza kwa ufasaha mema yote ambayo Kanisa limeutendea ulimwengu tangu zamani. Ndipo mpinzani mmoja alipowauliza kwamba hayo ni ya kale. Je, wao wenyewe, wajiitao Wakatoliki, wanafanya nini leo?

Swali hilo lilimchoma Ozanam moyoni, kwa kuwa aliona kwamba halijibiki kwa hotuba. Tarehe 23 Aprili 1833, siku ile ile aliyotimiza miaka 20, yeye na wanafunzi wenzake wachache walikutana katika ofisi ya gazeti moja la Kikatoliki pamoja na mhariri wake, Bwana Emmanuel Bailly. Fedha hawakuwa nazo. Lakini katika mtaa wa Mouffetard alikuwako mtawa, Sista Rosalie Rendu, aliyewajua maskini nyumba kwa nyumba. Walimwendea kama wanafunzi wamwendeavyo mwalimu. Yeye akawapa majina ya jamaa za kutembelea, akawafundisha kuingia katika nyumba ya maskini kwa heshima na uvumilivu. Kila juma walikutana, wakasali, wakaelezana waliyoyaona, na mwishoni wakachanga kutoka mifukoni mwao. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho leo kimeenea katika nchi zaidi ya 100.

Angalieni jambo moja. Siku ile ya kwanza kiti cha mwenyekiti alipewa Bwana Bailly, aliyekuwa mtu mzima. Ozanam hakukipata, wala baadaye, mpaka kufa kwake mwaka 1853, hakuwa kamwe mkuu wa chama kile kizima. Hata hivyo Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipofika Paris tarehe 22 Agosti 1997 kwa ajili ya siku za vijana wa ulimwengu, ni Ozanam aliyemtangaza kuwa Mwenye Heri. Aliongoza bila kiti, kwa sababu alitangulia kuona na kutangulia kwenda.

2. Bibi na sabuni

Tuchukue sasa mfano wa karibu, ambao mzazi yeyote ataweza kuutambua. Tuseme kwamba katika shule fulani kuna chama cha huduma chenye wanachama 40. Kila mwaka, katika siku za Kwaresima, wanachama huchanga fedha, hununua sabuni na sukari, wakaenda kumtembelea bibi mmoja mzee akaaye peke yake karibu na shule. Huimba nyimbo mbili, mwenyekiti hutoa hotuba, picha hupigwa, na baadaye picha hizo hubandikwa ukutani shuleni. Mwaka wa kwanza bibi aliwaambia wageni wake kwamba sabuni ameipokea kwa shukrani, ila maji ya kufulia hana, kwani miguu haimfikishi tena kisimani. Hakuna aliyeandika neno hilo. Mwaka wa pili walikuja viongozi wapya na sabuni mpya; bibi akasema maneno yale yale. Mwaka wa tatu hakusema lolote. Alishukuru tu, akaiweka sabuni juu ya ile ya zamani.

Je, watoto wale walikuwa wabaya? Hasha! Walitoa fedha yao, nao walikuwa na moyo mwema. Lakini waliyokwenda kuyatafuta kwa bibi ni yao wenyewe: furaha yao, picha yao, sifa ya chama chao. Bibi alifanywa kuwa mahali pa kutendea wema. Hakufanywa kuwa jirani.

Tuseme tena kwamba mwaka ule wa tatu alikuwako msichana mmoja wa kidato cha pili asiye na cheo chochote, naye aliiona ile sabuni ya zamani. Alimwuliza bibi kwa nini haijatumika. Kwa swali hilo moja alijua jambo ambalo viongozi watatu hawakulijua. Aliwarudia wenzake, akawaomba wapeane zamu, wawili wawili, kuteka ndoo mbili kila Jumatano na kila Jumamosi. Wengine walicheka, kwa kuwa kazi ya ndoo haina picha. Wanne walikubali. Ilipokaribia likizo ya Juni, msichana yule aliuliza swali la pili: tukifunga shule, ni nani atakayemtekea bibi maji? Akamwendea mlezi wa chama, na mlezi akaenda naye kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya pale, zamu ikapokewa na majirani.

Ndugu msomaji, tukikuuliza ni nani kiongozi wa chama kile, utajibuje?

3. Kuona, kuamua, kutenda

Msichana wa mfano wetu alifuata, labda bila kujua, njia aliyoifundisha Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji. Padre huyo, aliyezaliwa mwaka 1882 na kufanywa Kardinali mwaka 1965, alianzisha mwaka 1925 chama cha vijana wafanyakazi Wakristo. Njia yake ina hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Baba Mtakatifu Yohane wa Ishirini na Tatu aliisifu katika barua yake ya mwaka 1961 juu ya mambo ya jamii, na vyama vya wanafunzi Wakatoliki huitumia hata leo.

Kuona maana yake ni kuuliza na kusikiliza mpaka ujue hali ya mtu ilivyo, wala si kama unavyoidhania. Kuamua ni kuiweka hali ile mbele ya Injili na kujiuliza: Bwana angetaka nini hapa? Kutenda ni kufanya jambo dogo linalowezekana, kisha kurudi kutazama kama limefaa. Vyama vingi vyetu huanza na hatua ya tatu. Hutenda kwanza, kuona hakuji kamwe.

Tena Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Novemba 1965 juu ya utume wa walei, watuonya kwa maneno mazito. Wafundisha kwamba tusimpe mtu kama sadaka kile ambacho ni haki yake. Tena kwamba msaada utolewe kwa namna ya kumwezesha mwenye kusaidiwa asimame mwenyewe, asibaki kuwategemea wengine daima. Kwa hiyo mwanafunzi amtekeaye bibi maji ajiulize pia kwa nini kisima kiko mbali, na ni nani katika kijiji awezaye kuambiwa. Huruma isiyouliza sababu huishia kwenye sabuni.

4. Kazi za viongozi wa chama

Sasa tuseme wazi mambo machache yawapasayo viongozi vijana na walezi wao.

Kwanza, daftari. Kila ziara iandikwe: tulikwenda lini, tulikuta nini, tuliahidi nini. Ahadi iliyotolewa kwa maskini ni deni. Heri kuahidi ndoo moja na kuileta kuliko kuahidi nyumba.

Pili, fedha. Mweka hazina asome hesabu mbele ya wanachama wote kila mwezi, hata kama ni shilingi mia tano. Kijana azoeaye kutoa hesabu ya kidogo hataogopa kutoa hesabu ya kingi. Na yule afichaye kidogo shuleni, taifa litamlilia kesho.

Tatu, siri. Shida za nyumba ya mtu zisitangazwe bwenini, wala sura yake isipigwe picha bila ridhaa yake. Maskini ana heshima yake kama wewe.

Nne, kurithishana. Mwanafunzi wa kidato cha nne ataondoka, bibi atabaki. Basi kila kiongozi aende ziarani pamoja na mdogo wake wa kidato cha kwanza au cha pili, amfundishe njia na majina. Kiongozi ambaye chama hufa siku aondokapo alijijenga mwenyewe, hakujenga chama.

Tano, mlezi. Padre, sista au mwalimu aliye mlezi asiwafanyie vijana kila kitu. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alifundisha katika shule za Kikatoliki za Tabora na Pugu, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule iwe jamii, na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya kazi zao. Mlezi na aonye, alinde usalama wa watoto, kisha awaache waamue, hata wakikosea kidogo.

5. Neno kwa wazazi

Tunajua mnayoyasema nyumbani. Mwasema: tumelipa karo kwa taabu, mtoto amekwenda kusoma, hakwenda kuteka maji ya watu. Neno hilo lina ukweli, nasi hatulidharau. Wajibu wa kwanza wa mwanafunzi ni masomo, na chama kinachomla mwanafunzi saa zake zote kimepotoka. Saa mbili au tatu kwa juma zatosha.

Lakini msidhani kwamba huduma na masomo ni maadui. Yule Ozanam aliyepanda ngazi za nyumba za maskini alipata udaktari wa sheria mwaka 1836, na udaktari wa fasihi mwaka 1839. Mwaka 1840 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani mkuu wa walimu, kisha akafundisha katika chuo cha Sorbonne. Huduma haikumpunguzia akili. Ilimwonyesha akili ni ya nini.

Wapo pia wazazi wa namna ya pili, nao ndio tunaowahofia zaidi. Hao humhimiza mtoto aingie chamani ili apate cheti, na cheti kimsaidie kupata nafasi mbele. Mzazi wa namna hiyo anamfundisha mwanawe kwamba maskini ni ngazi. Mtoto akilijua somo hilo vizuri, asishangae mzazi siku atakapozeeka yeye mwenyewe, akaletewa sabuni mara moja kwa mwaka.

Basi, mtoto arudipo likizo, msimwulize tu amekuwa wa ngapi, wala amepewa cheo gani. Mwulizeni: ni nani unayemtembelea? Jina lake nani? Ana shida gani, na nani anamwangalia sasa ukiwa hapa nyumbani? Akijibu, msikilizeni. Asipoweza kujibu, mchukueni Jumapili hiyo hiyo baada ya Misa, mwende naye kwa mgonjwa wa jumuiya yenu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo huo mtoto huuona kwanza kwa baba na mama yake.

Mama wa Yakobo na Yohane aliomba viti. Mathayo atuambia kwamba mama huyo huyo alikuwako kati ya wanawake waliosimama wakitazama Bwana wetu aliposulibiwa, wale waliomfuata toka Galilaya wakimtumikia. Alikuwa amejifunza. Mungu atujalie sisi nasi, wazazi na wana, tujifunze kabla jioni haijaingia.