Mshale wa Mizani ya Kliniki: Somo la Mlinganyo Tofautishi wa Daraja la Pili

Mama wa kata ya Mukendo, katika Manispaa ya Musoma, anapompeleka mwanawe kliniki, mtoto hutundikwa kwenye mizani ya springi ili apimwe uzito. Mshale huruka mbele, hurudi nyuma, huyumba mara kadhaa, kisha hutulia. Foleni ikiwa ndefu na mtoto akiwa analia, mhudumu hushawishika kuusoma mshale kabla haujatulia. Makala haya yanaonyesha kwa hisabati ukubwa wa kosa linaloweza kutokea katika sekunde hizo chache.

Kosa hilo lina uzito wake katika tiba. Dozi ya dawa mseto ya malaria (ALu) hupangwa kwa kilo: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kwa kila dozi, na wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa vidonge 2. Mpaka wa kilo 15 ukivukwa kimakosa, dozi huongezeka maradufu au hupungua kwa nusu.

Kuunda mlinganyo

Herufi x na iwe umbali ambao springi imevutika, kwa mita. Kani tatu humhusu mtoto aliyetundikwa. Ya kwanza ni uzito wake, mg, unaovuta kuelekea chini. Ya pili ni kani ya springi, kx, inayovuta juu kulingana na kanuni aliyoichapisha Robert Hooke mwaka 1678. Ya tatu ni ukinzani wa msuguano, cx′, unaopinga mwendo wowote. Kwa kanuni ya Newton, jumla ya kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Kwa hiyo:

m x″ + c x′ + k x = mg

Mlinganyo huu ni tofautishi kwa kuwa unahusisha x na kasi ya kubadilika kwake. Ni wa daraja la pili kwa kuwa una mchapuko, x″, yaani badiliko la kasi yenyewe. Ni wa mstari kwa kuwa x, x′ na x″ hazikupandishwa kipeo wala kuzidishwa zenyewe kwa zenyewe.

Kuutatua

Jawabu lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya utulivu: mshale ukisimama, x′ na x″ ni sifuri, hivyo x = mg/k. Huo ndio uzito wa kweli.

Sehemu ya pili ni ya mtikisiko. Njia aliyoichapisha Leonhard Euler mwaka 1743 ni kuweka x = e^(rt) katika mlinganyo ambao upande wake wa kulia ni sifuri. Hapo hubaki aljebra ya kawaida:

m r² + c r + k = 0

Tabia ya mshale huamuliwa na thamani ya c² − 4mk:

1. Ikiwa chanya, mshale husogea polepole hadi mahali pake bila kuyumba.
2. Ikiwa sifuri, mshale hutulia upesi kadiri inavyowezekana bila kuyumba.
3. Ikiwa hasi, r ni namba changamano, na mshale huyumba huku mtikisiko ukififia kwa kiwango cha e^(−ct/2m).

Mfano

Ichukuliwe mizani ambayo mtoto wa kilo 10 huivuta springi yake kwa sentimita 4, na ambayo c ni 20. Kwa g ya 9.8, k = 98 ÷ 0.04 = 2,450. Basi c² − 4mk = 400 − 98,000, ambayo ni hasi. Majawabu ni r = −1 ± 15.62i. Mshale huyumba mzunguko mmoja kila sekunde 0.4.

Mtoto huyo akiachiwa ghafla, mshale hufika kwanza zaidi ya kilo 18, kisha hurudi hadi karibu kilo 3.3. Baada ya sekunde 3, kosa laweza kuwa nusu kilo. Ili lishuke chini ya gramu 100, zahitajika sekunde 4.6 hivi.

Sasa na apimwe mtoto wa kilo 14.5 kwa mizani ileile. Kwa kuwa m iko chini katika c/2m, mtikisiko wa mtoto mzito hufifia polepole zaidi. Baada ya sekunde 3 mshale waweza kusoma popote kati ya kilo 12.7 na 16.3, na mpaka wa kilo 15 umo ndani ya nafasi hiyo. Sekunde 7.2 hivi ndizo zinazotosha kufikia usahihi wa gramu 100.

Mtoto anayerusha miguu

Mtoto akirusha miguu, upande wa kulia wa mlinganyo huongezeka kani F(t) isiyokoma. Msuguano hauwezi kuumaliza mtikisiko unaochochewa upya kila mara. Kwa hiyo kusubiri pekee hakutoshi. Mtoto abembelezwe kwanza.

Mahali pengine pa mlinganyo huu

Mlinganyo uleule huongoza springi za daladala na mkondo wa umeme katika saketi yenye koili, kapasita na ukinzani. Huongoza pia mrija wenye maji unaopima shinikizo la damu ndani ya ateri, ambamo povu la hewa hupunguza ukakamavu wa mfumo na kupotosha kipimo.

Hitimisho

Mtoto ashushwe taratibu mikononi badala ya kuachiwa, kwa maana mtikisiko wa mwanzo ukiwa mdogo, muda wa kusubiri hupungua. Mshale usomwe ukiwa umetulia, na mtoto mzito apewe muda zaidi.

Zoezi. Kwa mizani ya mfano, mtoto wa kilo 8 akiachiwa ghafla, kosa litashuka chini ya gramu 100 baada ya muda gani? (Jibu: sekunde 3.5 hivi.)