Kulisha na Kutunza Kobe Mchanga

Ndugu msomaji, labda utacheka ukiona jina la fundisho hili. Utasema: Kuku anatoa mayai, sungura anatoa nyama, mbuzi analipa deni, kobe je, anatoa nini? Kweli, kobe mdogo wa lupango hatoi faida ya feza. Lakini angalia mambo yanayopita kwetu kila mwaka. Mvua zikianza, watoto wanarudi toka shambani na kobe mchanga mkononi. Wanamtia ndani ya kikapu, wanampa bukari na jani moja la sombe, wanamwonyesha kwa rafiki zao. Baada ya miezi michache amekufa, na hakuna mtu anayejua sababu. Mnyama akiisha kuingia katika lupango lako, sharti ujue kumlisha, awe ng'ombe ao awe kobe.

Tena kobe ni mgumu kuliko wanyama wengine kwa jambo moja. Mbuzi akiugua analia. Kuku akiugua anashusha mabawa, unamwona toka mbali. Kobe halii. Yeye ni wa polepole katika mambo yote, hata katika kufa. Chakula kibaya ulichompa mwezi wa kwanza, gamba lake litakuonyesha mwezi wa sita, na mara nyingi hapo umechelewa. Kwa hiyo usingoje dalili. Mpango mwema uwe tayari tangu siku ya kwanza.

KOBE WA KWETU NI YUPI?

Katika pori la miombo la Katanga tunaona sana kobe mwenye bawaba. Ukimshika kobe mzima wa namna hii utaona mgongoni, upande wa nyuma, mstari unaopita gamba. Hapo gamba linakunjika kama mlango: adui akija, kobe anashusha sehemu ya nyuma na kuficha miguu na mkia. Wenye elimu wanamwita Kinixys spekii tangu mwaka 1863, kwa jina la Speke, Mwingereza yule aliyefika ziwa Tanganyika mwaka 1858. Akiwa mzima urefu wake ni karibu sentimeta 20. Akitoka yaini ni sentimeta 4 ao 5 tu, unaweza kumfunika kwa kiganja. Huko msitu mkubwa, upande wa Kisangani, kuna ndugu yake mwingine, mkubwa zaidi na mwenye kupenda unyevu zaidi; mafundisho ya hapa yanamfaa yeye pia, ila umwongezee maji na kivuli.

Sasa shika neno hili: kobe mchanga hana bawaba bado. Bawaba inakuja polepole akikua. Mpaka siku hiyo miguu yake ya nyuma iko wazi. Panya anaweza kuitafuna usiku, siafu wanaweza kuingia, mbwa mdogo anaweza kumchezea mpaka afe. Watu wanafikiri kobe anatembea na nyumba yake na hawezi kuumia. Mtoto wa kobe anatembea na nyumba isiyo na mlango.

Na hata gamba lenyewe si nyumba. Ni mfupa. Mbavu na uti wa mgongo vimeshikamana nalo ndani, na damu inapita humo. Kwa hiyo ni ukatili kutoboa gamba na kupitisha kamba ili kobe asipotee. Anasikia uchungu, na uchafu unaingia katika tundu hilo mpaka mfupa unaoza. Usimpake rangi pia.

MAHALI PA KUMWEKA

Usimweke chumbani. Usimweke ndani ya kopo, wala ndani ya beseni ya chuma iliyo juani, maana atapikwa akiwa mzima.

Chagua mahali chini ya mti, penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Panga matofali kuwa kizimba cha metre 2 kwa metre 1. Urefu wa ukuta uwe sentimeta 30. Tofali la chini lizikwe udongoni kidogo, kwa kuwa kobe anachimba. Juu funika kwa wavu wa chuma, kwa ajili ya kunguru, mwewe na panya. Ndani weka udongo mzuri wa pori na majani makavu mengi, yafike sentimeta 10, na upande mmoja uyanyunyizie maji kila asubuhi. Katika pona hiyo ya majani kobe atajificha karibu siku nzima. Wengi wanamchimbua kila saa ili wamtazame. Acheni. Kobe mwenye hofu hali. Siafu wakipita katika lupango, mwaga majivu kuzunguka ukuta kwa nje, na usiku ule mwingize nyumbani katika sanduku.

MAJI

Kobe wachanga wengi wanakufa kwa ukavu kuliko kwa njaa. Mwili wao ni mdogo, maji yanatoka upesi. Tena gamba linaloota katika hewa kavu linapanda vilima vilima, na vilima hivyo havishuki tena.

Tia kizimbani sahani pana ya udongo, isiyo na kina. Maji yasipite kidevu cha kobe, maana kobe wa nchi kavu hajui kuogelea. Akipinduka katika maji mengi anazama. Badili maji kila siku, kwa kuwa anapenda kunya humo. Zaidi ya hayo, mara tatu kwa juma, umwogeshe: maji ya vuguvugu, dakika 15, katika sahani ile ile. Utamwona akiingiza kichwa na kunywa kwa muda mrefu. Wakati wa kiangazi fanya hivyo kila siku, asubuhi, ili akauke mbele ya baridi ya jioni.

CHAKULA

Hapa makosa ni mengi, kwa hiyo nitasema polepole.

Kobe mwenye bawaba si ng'ombe wa kula majani tu. Porini anakula majani na matunda yaliyoanguka, lakini pia anakula uyoga, konokono, jongoo, na wadudu wengine. Kama unataka kujua chakula chake, tembea porini siku mbili baada ya mvua kubwa na tazama vitu vilivyo chini ya majani yaliyooza. Hiyo ndiyo meza yake.

Kila siku, saa mbili ya asubuhi, mpe majani yaliyokatwa vidogo, fungu la ukubwa wa gamba lake. Magugu ya shambani yanafaa kuliko mboga za sokoni: lile gugu lenye maua madogo ya buluu linaloota mahali pa maji, na lile lenye mbegu nyeusi zinazoshika nguo. Majani ya maboga ni mema. Matembele ni mema kwa kipimo. Lengalenga ni chakula chema cha watu, lakini lina asidi inayoshika chokaa ya mwilini. Mpe mara moja kwa juma, si zaidi.

Mara mbili kwa juma mpe kipande cha tunda: papai, embe, boga, kama ukucha wa dole gumba. Usizidishe, atahara. Mara mbili kwa juma tena mpe nyama ya pori: mnyoo wa udongo, konokono mdogo uliyemponda pamoja na nyumba yake, ao jongoo. Uyoga mpe ule unaoula wewe mwenyewe, usimjaribie mwingine.

Na vitu gani vimekatazwa? Bukari, mkate, wali, maziwa. Hivi vinajaza tumbo na kuchacha ndani yake. Mboga zilizopikwa kwa chumvi na mawese vimekatazwa pia. Sombe mbichi ina sumu. Wewe unaitwanga na kuipika kwa saa nyingi mbele ya kuila, na kobe hana chungu. Avoka ni hatari kwa wanyama wengi, usimpe. Majani ya nyanya vile vile.

Angalia tena jambo hili, walimaji. Tangu mwaka 2016, kiwavi kile cha Amerika kinachokula mahindi kilipoingia Afrika, watu wengi wananyunyiza dawa mashambani. Magugu na konokono wa shamba lile wana dawa juu yao. Dawa isiyoua mtu mkubwa kwa jani moja inaweza kuua mnyama wa sentimeta 5. Mtafutie chakula mahali pasiponyunyizwa kitu.

CHOKAA NA JUA

Kobe mchanga anajenga mfupa mwili mzima. Anahitaji chokaa. Chukua maganda ya mayai, yachemshe, yakaushe juani, yasage mpaka yawe unga. Unga wa kubanwa kwa vidole viwili, mara tatu kwa juma, juu ya majani yaliyolowa: basi, imetosha. Nyumba tupu za konokono zilizosagwa zinafaa vile vile.

Lakini chokaa peke yake haisaidii. Jua likipiga ngozi linafanya vitamini D, na vitamini hiyo ndiyo inayopeleka chokaa mifupani. Kobe huyu anakimbia jua kali, anatosheka na jua la asubuhi, lakini sharti alipate. Na jua linalopita katika kioo halina nguvu hiyo.

Katika kijiji kimoja nilionyeshwa kobe wa mwaka mmoja. Mwenyewe ni kijana wa shule, alimpenda sana. Alimweka chumbani, karibu na dirisha la kioo, asiibiwe. Alimlisha bukari na nyanya mkono kwa mkono. Kobe alikuwa mnene, kila mtu alimsifu. Nilibonyeza mgongo wake kwa kidole, ukashuka kama kifuniko cha kopo. Miguu ya nyuma haikuweza kuinua mwili. Tulimtoa nje, tukampa chokaa na magugu. Hakufa, ila mgongo wake una bonde mpaka leo, na anatembea kwa kuvuta tumbo. Na wote waliomsifu walikuwa wanamtazama kila siku.

Kobe aliyetoka yaini sasa hivi ana gamba linalolegea kidogo, hiyo si ugonjwa. Likizidi kulegea mwezi kwa mwezi, hiyo ni ugonjwa.

WAKATI WA BARIDI

Damu ya kobe haina moto wake mwenyewe. Nje kukiwa baridi, yeye baridi, na tumbo halisagi chakula. Katika Katanga, mwezi wa 6 na wa 7, usiku ni mkali, na porini kobe wa kwetu wanalala katika mashimo, katika mawe na katika vichuguu mpaka mvua irudi. Usishangae basi akikataa kula. Usimfungue kinywa kwa nguvu. Jioni mtie katika sanduku lenye majani makavu, mwingize nyumbani, mbali ya moshi wa jiko. Asubuhi jua likipanda umrudishe kizimbani. Akilala siku nyingi, mwogeshe tu katika maji ya vuguvugu na umwache.

KUMCHUNGUZA

Kwa kuwa kobe halii, daftari ndilo litakalolia kwa ajili yake. Siku ya kwanza ya kila mwezi pima urefu wa gamba na uzito, kwa mizani ndogo ya duka. Andika. Akipungua uzito miezi miwili wakati wa mvua, wakati wa chakula kingi, kuna ubaya. Tazama pua: ikitoa maji ao povu, ama akipumua kinywa wazi, ameshikwa na mapafu. Macho yakivimba na kufungika, mara nyingi amekosa vitamini A: mpe boga, papai na majani mabichi, na osha macho kwa maji safi. Mganga wa wanyama akiwa karibu, mpelekee upesi. Hapa haraka ni yako wewe, si ya kobe.

Nanyi watoto, mkimaliza kumshika, nawa mikono kwa sabuni. Kobe mzima wa afya anaweza kubeba kijidudu kidogo kisichoonekana, jina lake salmonela, kisichomdhuru yeye lakini kinachompa mtu kuhara vibaya. Watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike hata kidogo. Sahani yake isioshwe pamoja na sahani za chakula.

NI HERI KUMWACHA?

Nasema wazi: kobe mchanga aliye mzima, porini kwake, usimchukue. Mama yake hamngoji, hajapotea. Mtwae yule ambaye moto wa shamba umechoma mahali pake, ao aliyeumia, ao aliyekwisha kuletwa na watoto kutoka mahali wasipoweza kukumbuka. Na ukimtwaa, fikiri miaka, si miezi. Kobe akitunzwa vema anaishi makumi ya miaka. Kumwuza na kumvusha mpaka wa nchi bila barua ya Serikali kumekatazwa: kobe wote wa nchi kavu wamo katika orodha ya mkataba wa Washington wa mwaka 1973.

Walimaji, mbele ya kuchoma shamba jipya, tembeeni kwanza katika majani na kando ya vichuguu. Kobe mnaowakuta wabebeni metre mia mbili, upande usiochomwa, wawekeni kivulini. Kazi hiyo watoto wanaipenda, na haitaki kizimba wala unga wa mayai.

Kwa wale waliokwisha kumfuga: miaka ikipita, pitisha ukucha mgongoni, upande wa nyuma. Siku utakaposikia mfuo mwembamba, bawaba imeanza. Hapo panua kizimba mara mbili, na endelea na wavu mpaka uone sehemu ile ikishuka yenyewe anaposhtuka.