SOMO LA WANACHAMA: KABLA YA KULIPIA KIBANJA



Safari hii somo letu linahusu kiwanja na vyumba vya kupangisha. Wengi wetu katika mashamba ya miwa na chai ya Uganda tunaishi katika nyumba za kampuni. Siku kazi inapokwisha, nyumba nayo imekwisha. Mtu aliyekata miwa miaka ishirini na mitano hufunga virago na kuanza kuuliza aende wapi. Kwa hiyo mfanyakazi anayetaka kununua kipande cha ardhi na kujenga vyumba viwili vitatu hatafuti anasa, anatafuta mahali pa kuzeekea.

Tangu mwaka 2022 sheria ya NSSF inamruhusu mwanachama mwenye umri wa miaka 45 au zaidi, aliyechangia kwa miaka 10 au zaidi, kuchukua mapema hadi asilimia 20 ya akiba yake. Jambo hilo ni jema. Lakini madalali nao wanalijua. Pesa zikitoka, dalali yuko langoni na picha ya kiwanja katika simu yake, na kila mara husema kuna mtu mwingine anakuja kesho na pesa taslimu. Mwacheni huyo wa kesho anunue.

Swali la kwanza ni hili: unauziwa kitu gani hasa? Katika Buganda ardhi nyingi ni ya mailo, mfumo uliotokana na Mapatano ya mwaka 1900. Ardhi moja huwa na watu wawili. Yuko mwenye hati, na yuko mwenye kibanja anayeishi na kulima juu yake na kulipa kodi ndogo ya kila mwaka iitwayo busuulu. Anayekuuzia kibanja hakuuzii ardhi. Anakuuzia haki yake ya kukaa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Haki hiyo ni ya kweli na sheria inailinda, lakini ina masharti, na bei yake haiwezi kuwa sawa na bei ya kiwanja chenye hati.

Sharti kubwa, ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi, ni kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho ya mwaka 2010, inamtaka mwenye kibanja anayeuza amwulize kwanza mwenye hati kama anataka kununua yeye. Akiuza kwa siri ametenda kosa la jinai, na kibanja chaweza kurudi kwa mwenye hati. Muuzaji atakuwa amekwisha kula pesa zako. Basi kabla ya kulipa, mtafuteni mwenye hati au wakili wake, aandike kwamba amekubali na anakutambua. Kwa desturi ya Buganda mnunuzi hupeleka kanzu, na siku hizi kanzu hiyo ni fedha. Iulizeni mapema ni kiasi gani, maana wengine huikumbuka baada ya mauzo, na hapo huwa kanzu ya bei ya ajabu.

Muulizeni muuzaji vilevile: nani alikaa hapa kwanza, na tangu mwaka gani? Sheria inamtambua aliyekaa bila kupingwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya tarehe 8 Oktoba 1995, pamoja na aliyenunua kwake au aliyerithi. Inamtambua pia aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye hati. Mtu aliyejiingiza mwaka 2005 bila kumwuliza mtu hana kibanja, hata kama migomba yake imestawi. Stakabadhi za busuulu ni ushahidi mzuri. Ziombeni, mzisome majina.

Kama unauziwa kiwanja chenye hati, usitosheke na karatasi uliyoonyeshwa. Chukua namba za bloku na ploti, nenda ofisi ya ardhi ya kanda, kama ile ya Mukono, uombe upekuzi. Hapo utajua hati ni ya nani na kama imewekwa rehani benki. Kisha mpima ardhi afunue mipaka, majirani wakiwapo. Majirani hujua mengi kuliko karatasi.

Mwenyekiti wa LC1 ni shahidi muhimu, lakini muhuri wake haugeuzi uwongo kuwa kweli, na ile asilimia kumi inayodaiwa mara nyingi ni mazoea tu. Ardhi ambayo familia inaishi juu yake haiuzwi bila mke au mume kukubali kwa maandishi. Ardhi ya marehemu haiuzwi na kijana mmoja mwenye haraka. Lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyepewa barua na mahakama. Na bwawani msinunue kabisa, hata bei ikiwa ya kutupa. Mabwawa yako chini ya dola kwa manufaa ya wote. Mwaka 2024 nyumba zilibomolewa katika bwawa la Lubigi karibu na Kampala, na waliobomolewa ni watu waliokuwa wametoa pesa zao kama sisi.

Sasa tuhesabu. Chumba kimoja cha kupanga huitwa muzigo kwa Kiganda, na sisi wa Kiswahili hucheka tukisikia, lakini mwenye kujenga kwa mkopo hacheki. Tuseme una vyumba vinne, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi. Hizo ni 240,000 kwa mwezi, yaani 2,880,000 kwa mwaka. Kila chumba kikikaa mwezi mmoja bila mtu, zimebaki 2,640,000. Toa kunyonya choo, toa bati lililong'oka, toa kitasa. Vyumba hivyo vikiwa vimegharimu milioni 16, ni miaka saba au zaidi kabla pesa yako haijarudi. Na kama milioni 8 kati ya hizo umekopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, riba peke yake mwezi wa kwanza ni 160,000, bado hujagusa deni lenyewe. Kwa hesabu hiyo, heri chumba kimoja leo kwa akiba ya SACCO na kingine baada ya miaka miwili. Tena mwenye kupokea zaidi ya 2,820,000 kwa mwaka hutozwa na URA asilimia 12 ya kile kinachozidi. Hivi ndivyo ilivyo tangu Julai 2022.

Lipo jambo jingine ambalo chama hakiwezi kulinyamazia. Mpangaji wako atakuwa nani? Atakuwa mfanyakazi mwenzako wa zamu ya usiku. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inakataza kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inakataza kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama. Kung'oa mlango ili mtu atoke ni kosa, hata kama anadaiwa. Tunasikia wanachama wanaodai nyongeza ya mshahara mchana, na jioni wanawaongezea wenzao kodi kwa nyongeza ileile kabla haijaingia mfukoni. Jambo hili litajadiliwa katika mikutano ya matawi.

Makubaliano yaandikwe kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma, jina la mke na la mume yote yawemo, mashahidi watie sahihi, na pesa zipitie benki ili stakabadhi ibaki. Mwanachama aliyepewa karatasi ya kutia sahihi ailete kwa katibu wa tawi kabla ya kusaini. Tutaisoma pamoja naye, na tukiona inahitaji wakili tutamwambia.