Hamisheni mlango, choo kiacheni kilipo

*Shikamoo shangazi. Tunaishi Kitengela, nyumba ya ghorofa moja tuliyonunua ikiwa tayari imejengwa. Bafu liko juu, na mlango wake umetazama ngazi. Mama mkwe akija kulala, choo ndicho kitu cha kwanza anachokiona. Mume wangu ameleta fundi anayesema atakihamishia ukuta wa pili, mita tatu kutoka kilipo, kwa "kukata slabu kidogo". Nikiuliza maswali, mume wangu anasema simwamini. Jumatatu wanaanza kuvunja. Nifanyeje? – Mama Wasiwasi, Kitengela*

Marahaba mwanangu. Wasiwasi wako una msingi, na kuuliza si kumvunjia mumeo heshima. Nyumba ni yenu wawili, na slabu ikishakatwa haiwi tena kama ilivyokuwa.

Anzeni na hesabu ambayo fundi alipaswa kuwafanyia. Bomba la choo ni la inchi nne, karibu sentimita 11 kwa nje. Uchafu hushuka kwa mteremko tu, na kwa bomba hilo mteremko uliozoeleka ni moja kwa arobaini: kila mita lishuke sentimita 2.5. Kwa mita tatu ni sentimita 7.5. Jumlisha na unene wa bomba, unapata 18.5. Slabu ya nyumba kama yenu kwa kawaida ina unene wa sentimita 15. Bomba hilo halienei humo hata ikikatwa yote. Na likilazwa bila mteremko wa kutosha, maji yatatangulia, uchafu ubaki nyuma, na kuziba hakutaisha.

Isitoshe, ndani ya slabu mna nondo, na ndizo zinazoibeba sakafu. Kuzikata si uamuzi wa fundi wa mabomba. Ni jambo la mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, na kabla ya kugusa slabu ulizeni afisi ya ujenzi ya Kaunti ya Kajiado idhini inayohitajika.

Ikiwa lazima choo kihame, bomba lipitishwe chini ya slabu na kufichwa na dari ya chumba cha chini, hadi lifike kwenye bomba la wima. Tundu la kulipitisha litobolewe mahali mhandisi atakapoonyesha. Kona ziwe za nyuzi 45, si 90. Bomba la hewa lisisahaulike, kwa sababu bila hewa yale maji yanayokaa kwenye shingo ya choo kuzuia harufu hunyonywa, na nyumba nzima hunuka. Kabla ya dari kufungwa, bomba la choo lijazwe maji na kila kiungo kikaguliwe.

Fundi akishauri kulitoa bomba nje na kulizika hadi kwenye septiki, kumbukeni udongo mweusi wa Kitengela: mvua ikinyesha huvimba, kiangazi hupasuka, na viungo vya bomba huvutwa huku na huku hadi viachie. Maji taka yatavuja chini kwa chini bila ninyi kujua. Udongo huo uchimbwe na kuondolewa, bomba lilazwe juu ya mchanga.

Lakini soma tena barua yako. Kinachokuaibisha ni mlango. Ukiweza kuhamia ukuta wa kando, uhamisheni. Usipoweza, geuzeni bawaba ili mlango ukifunguliwa ukifiche choo, au jengeni kiukuta kifupi mbele yake, chepesi kisichoilemea slabu. Bomba halitaguswa.

Kwa mumeo, usibishane naye mbele ya fundi. Kaeni jioni mkiwa wawili, umwonyeshe hesabu hii, kisha yeye mwenyewe ndiye amwombe fundi achore njia ya bomba kwenye karatasi. Fundi akishindwa kuwaonyesha sentimita hizo 18.5 zitapita wapi, kazi isianze Jumatatu.