Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Darasa la Jumanne



Wengi mmeniuliza mbona Jumanne adhuhuri sionekani msikitini. Leo nawaambia. Naenda hospitali, darasani (naswali hukohuko). Tupo watu wanane au tisa, tumekaa duara, kila mmoja na daftari lake. Tunajifunza namna ya kukaa na hasira, huzuni au hofu bila kumtupia mtu.

Ramadhani iliyopita, dakika chache kabla ya magharibi, nilimfokea mwanangu kwa sababu ya uji uliomwagika. Utasema kelele tu hizo. Lakini tangu siku ile, nikiingia jikoni, yeye anatoka. Nilifunga tangu alfajiri, nikaitia doa funga yangu kwa bakuli moja la uji.

Nilidhani huko nitalazimishwa kusimulia maisha yangu yote. Wapi! Ni kama madrasa: unafundishwa stadi moja, unapewa kazi ya nyumbani, wiki ijayo unaulizwa umeifanyaje. Mfumo wenyewe ulianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, na kitabu chake cha mafunzo kilitoka 1993. Stadi niliyoishika mimi ni hii: simama, usitie neno. Rudi nyuma hatua moja. Tazama mwili wako unafanya nini (mimi taya hukaza). Toa pumzi polepole, iwe ndefu kuliko ulivyoivuta. Ndipo uamue.

Nilipoisikia nilicheka moyoni. Si Mtume (s.a.w.) alishatuelekeza kwamba aliyekasirika akiwa amesimama akae, na isipoondoka alale? Hayo nimeyahubiri mwenyewe. Nilichokosa ni mazoezi, tena mbele ya watu wanaonirekebisha.

Yupo atakayesema huo ni upungufu wa imani, nisome Qur'ani tu. Nasoma, alhamdulillah. Na mwenye presha anameza vidonge vyake baada ya kufuturu, mbona hatumsemi?

Basi leo jioni, ule muda kichwa kinagonga na foleni haisogei, jaribu hiyo stadi mara moja tu. Na kama nyumbani kwako watu hunyamaza ukiingia, kaulize kliniki ya afya ya akili iliyo karibu nawe kama wana kundi. Ukiona aibu kwenda peke yako, nitumie ujumbe faragha. Jumanne twende wote.