Flashi Isubiri

Anayeanza kupiga picha hukimbilia kununua flashi. Akialikwa kwenye nikahi msikitini hapa Nyamirambo, kila inapowaka humshtua anayeswali sunna pembeni.

Heri lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Ikifunguliwa yote huingiza mwanga takriban mara 10 ya lenzi iliyofunguliwa f/5.6.

Ibn al-Haytham, aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, alichunguza mwanga upitao tunduni hadi chumba cha giza: tundu likipanuka, taswira hupoteza ukali. Lenzi nayo ina gharama yake: kilicho mbele au nyuma ya ulipolenga hufifia. Basi lenga jicho la bwana harusi, weka ISO 1600, kasi 1/125.

Tripodi nayo isubiri. Haimtulizi anayetikisa kichwa akitamka “nimekubali”.